Pindo la Ganda

Cherehani nimeifunika kanga. Leo si siku ya sare za shule.
Mezani pana maganda ishirini na matatu,
mekundu yaliyopauka, midomo imechakaa,
vitako vya shaba vimeota weusi.
Nandonde ameyaokota shambani moja moja,
kama kuku anayedonoa baada ya mvua.

Dirisha liko wazi. Koroboi nimeipeleka kwa jirani,
na sigara ya Nandonde iko nje
pamoja na Nandonde.
Redio nimeizima. Baruti haipendi habari.

Watu wa Naipanga huniuliza:
Somoe, wewe fundi wa magauni,
umeingiaje katika mambo ya moto?
Nawajibu, nimeingia kwa mlango wa bei.
Risasi mpya ni nauli ya Mtwara, kwenda na kurudi,
ni chai ya Mingoyo gari likiharibika,
ni muuzaji anayekuhesabia huku anatazama simu,
na ukirudi nyumbani korosho zako bado zimelala ghalani,
stakabadhi haijawa pesa.
Nguruwe hangoji mnada.

Lakini bei ni jibu la barazani.
Jibu lenyewe ni kwamba napenda.

Napenda fataki inavyoingia kitakoni, tik,
kama kifungo kilichopata tundu lake.
Napenda mzani mdogo wa baba mkwe, karani wa ushirika,
unavyotetemeka, unavyosita,
unavyokubali.
Kipimo sikiandiki popote.
Anayekitaka aje, anawe mikono, akae,
akosee mbele yangu
kabla hajakosea mbele ya bunduki.

Napenda marisau yanavyomiminika,
mvua ya kiangazi juu ya bati, ghafla, kisha basi.
Halafu inakuja kazi niijuayo tangu nina miaka tisa:
pindo.
Mdomo wa ganda hukunjwa kwa ndani, kona kwa kona,
kama sketi ya mtoto anayekua.
Likilegea, marisau yatamwagikia mfukoni.
Nandonde alipokuwa akipinda mwenyewe
kuna usiku alivuta, bunduki ikasema pyuu,
kama mtu aliyeshiba ugali.
Nguruwe jike akainua kichwa,
akamtazama,
akaendelea na mabibo.

Tangu hapo tumegawana.
Bunduki yake, leseni yake ndani ya kopo la maziwa,
maganda yangu.

Juzi usiku, giza la kukatwa kwa kisu,
nilikuwa nimelala nusu, sikio moja shambani.
Ukapiga mlio mmoja, mkavu, mnyoofu,
ukaenda hadi kwenye vilima na kurudi.
Niliujua kama ninavyoujua mshono wangu
kwenye gauni linalopita sokoni mgongoni mwa mwingine.
Nikajisemea, ule ni wangu.
Nikageuka upande wa pili, nikalala kweli.

Asubuhi Kastori wa kigango alikuja na baiskeli na kamba.
Nyama ikaenda kwake, kwetu likaja debe la kunde.
Sisi hatuli mnyama yule,
ila na yeye mihogo yetu hakuila.

Ganda la usiku ule halikurudi mezani.
Nimepekua makoti ya Nandonde, nimepekua umande,
nimemshuku hata Kastori, Mungu anisamehe.
Jioni nikamkuta Zamda nyuma ya jiko,
amelivaa kidole gumba kama tondoo,
linanukia moshi bado,
anashona jani la mkorosho kwa mwiba na uzi wa katani,
ulimi nje, macho yote kazini.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo wa kukemea.
Nikatazama pindo lake.
Limekwenda upande.

"Fumua," nikamwambia,
nikavuta kigoda.